Vitumbua vya bibi, Mzinga

Najua nimekuwa kimya. Kazi za habari mnazijua, asubuhi unajipangia siku yako, saa nne mhariri anapiga simu na siku inakuwa yake. Lakini juzi nilipata likizo ya siku tano, nikafunga safari ya nyumbani, Mzinga, Morogoro, kwa kazi moja tu: kujifunza kupika vitumbua vya bibi.

Mnacheka. Ngojeni niwaeleze ilivyoanza.

Kuna dada mmoja kazini kwetu aliletewa mashine ya waffle na kaka yake anayefanya biashara Dubai. Waffle, kwa asiyeijua, ni mkate laini wa ngano, mayai na maziwa. Uji wake unaumimina katikati ya vyuma viwili vya moto, unafunika, dakika chache baadaye unatoka ukiwa na miraba miraba kama dirisha la nondo. Basi Ijumaa moja dada akaja nayo ofisini, akaichomeka pale tunapochajia simu, chumba kizima kikanukia. Tulikula. Ni tamu, sina ubishi.

Kilichonigusa ni kile kitabu kidogo kilichokuja na boksi. Ukurasa wa kwanza ulisema mapishi hayo ni ya bibi wa familia fulani huko Ulaya, yamerithishwa kizazi hadi kizazi. Dada akatusomea kwa sauti, halafu akafunga kitabu na kusema, "Wenzetu wanatunza bwana. Sisi bibi zetu wametuachia nini?"

Watu wakacheka. Mimi nilikaa kimya, waffle iko mdomoni. Maana mimi bibi yangu ana chuma. Hakichomekwi popote, lakini ni chuma kile kile: unamimina uji, unasubiri, unakula. Na yeye ndiye anayeanza kusahau, si chuma.

Siku hizi kwenda Morogoro si safari tena. Tangu Juni 2024 treni ya SGR ilipoanza, ukitoka Dar es Salaam hujamaliza hata kusoma gazeti umeshafika. Kutoka mjini unapita SUA, unapita Magadu, halafu Mzinga hiyo hapo, miguuni pa milima ya Uluguru. Jina lenyewe lina utata wake. Kuna mzinga wa nyuki, kuna mzinga wa vita, na vijana wa mjini wana "kupiga mzinga", yaani kumwomba mtu hela kwa ulaini. Ukisema unatoka Mzinga kuna watu wanakaa mbali na pochi zao. Kwa wengi jina hilo ni kile kiwanda cha jeshi. Kwetu ni mto pia, unaoshuka kutoka Uluguru kwenda kumwaga maji Bwawa la Mindu, wanakonywa watu wa mjini.

Bibi aliuza vitumbua hapo kwa zaidi ya miaka thelathini. Wateja wake walikuwa wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, askari, wanafunzi, na akina mama wanaoshuka mlimani alfajiri na ndizi na mboga vichwani kuelekea sokoni. Chuma chake alikinunua mjini mwaka wa Azimio la Arusha, ndivyo anavyohesabu yeye, yaani 1967. Kina vishimo saba, sita vimezunguka na kimoja katikati. Kwa mafuta kilichokunywa kimekuwa cheusi mpaka kinang'aa. Hakioshwi kwa sabuni. Ukikiosha kwa sabuni bibi anakuuliza kama na wewe unapenda kuogeshwa kwa mafuta ya taa.

Nilimkuta amekaa barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunidai mume?"

Hapo nikafurahi, nikajua leo yuko vizuri. Kuna siku ananiita jina la dada yake aliyefariki zamani, na kuna siku ananipokea kwa heshima kubwa kama mgeni aliyetumwa na serikali ya mtaa.

Nikamwambia nataka kujifunza vitumbua. Shangazi, ambaye ndiye anayekaa naye, alikuwa ndani anasikiliza. Akatoka na upawa mkononi.

"Kujifunza jifunze," akasema. "Lakini kile chuma hakitoki humu ndani. Wewe si wa ukoo wetu."

Hakusema kwa ubaya, na mnaojua Waluguru mnaelewa. Kwetu ukoo unafuata kwa mama. Mtoto wa shangazi ni wa ukoo wa bibi, mimi mtoto wa mtoto wa kiume ni wa ukoo wa mama yangu. Mashamba yanafuata mkondo huo huo, na inaonekana vyuma vya vitumbua pia. Shida ni kwamba mama yangu ni Mchaga, na Wachaga wanahesabu kwa baba. Kwa hiyo Uluguru wananiambia wewe ni wa kwa mama yako, Kilimanjaro wananiambia wewe ni wa kwa baba yako, na mimi nabaki njiani kama mzigo uliokosa anwani. Nimeizoea hesabu hii na mara nyingi naifanyia utani. Siku ile, na kile chuma kiko chini ya kitanda umbali wa hatua kumi, haikunichekesha.

Tena mwenye haki nacho, binti yake shangazi, hakitaki. Yuko mjini, ana jiko la gesi la plati nne, anasema vitumbua ananunua. Mwaka juzi nusura kiende kwa wale vijana wanaopita wakinunua vyuma chakavu kwa kilo.

Nikafungua daftari, bibi akaanza kunielekeza. Mchele wa chenga vikombe viwili. Chenga, si mchele mzima. Kwanza ni rahisi, pili alisema mchele mzima "una maringo kwenye kinu". Uloweke usiku kucha, asubuhi uuchuje, uutwange, uuchekeche. Nazi moja, ukamue tui zito. Iliki ya mlimani, si ile ya pakiti. Na hili ni kweli kabisa, kule Uluguru, Kinole na Matombo, wanalima iliki, mdalasini na karafuu, kwa nini ununue vumbi la dukani? Hamira kijiko cha chai. Unga kidogo uupike uji kwanza, upoe, ndipo uchanganye na uliobaki, hapo kitumbua kinakuwa laini hata kikilala. Chumvi ya kuchovya vidole.

"Na sukari, bibi?"

"Sukari tatu."

Nikaandika: sukari, 3. Nikauliza tatu nini. Akaniangalia kama anayemwonea huruma mtoto wa shule. "Tatu," akasema, akanionyesha vidole.

Mkupuo wa kwanza niliweka vijiko vitatu. Nikapika kwa chuma cha bibi, ndani ya himaya yake, shangazi amesimama kama mlinzi wa benki. Vikaumuka vizuri, rangi ikawa nyeupe, ladha ikawa... wali. Wali wa nazi wa duara. Bibi akaonja, akatema kistaarabu kwenye khanga.

Mkupuo wa pili niliweka vikombe vitatu. Kumbukeni mchele ni vikombe viwili. Sihitaji kueleza. Sukari iliungua, vikashika kwenye chuma, na nilikwangua kwa ile spoku ya baiskeli bibi anayogeuzia mpaka shangazi akaninyang'anya. Wajukuu wadogo ndio walifurahi, walilamba sufuria.

Siku ya tatu nikanunua chuma changu sokoni mjini, kile cha alumini, nikajaribu kwa gesi nyumbani kwa baba, Kihonda. Nako nilichemsha. Moto wa gesi unakaa katikati, kishimo cha kati kinaungua wakati vya pembeni bado uji. Jiko la mkaa linasambaza joto, na bibi alikuwa anasogeza mkaa mmoja mmoja kwa koleo kama anayecheza bao. Lakini hata pale nilipopatia moto, ladha haikuwa yenyewe. Mimi nimekula vile vitumbua utoto wangu wote. Vilikuwa na rangi ya udongo kidogo kwa ndani, na utamu ambao haukukimbilia mbele, ulikuja baadaye, ukishameza. Hiyo haikuwepo.

Kwa ugonjwa wa kazi nikaanza utafiti usiku. Kumbe chuma cha vishimo kimezunguka dunia. Wahausa wa Nigeria wanapikia masa, za mchele pia. Madagaska asubuhi wanakula mofo gasy, mchele tena. India Kusini wana paniyaram, za mchele na dengu zilizochachushwa, na Wadenmaki wana zao za ngano wanazila zaidi msimu wa Krismasi. Ndugu wengi. Lakini hakuna aliyeniambia sukari tatu ni nini.

Sasa baba. Baba yangu hali vitumbua. Hilo kwetu linajulikana kama vile inavyojulikana kwamba hapendi paka. Mama alikuwa anasema ni kiungulia. Usiku ule alinikuta jikoni nimeinama juu ya daftari, akachukua kitumbua kimoja, hakukila, akakinusa. Akakirudisha.

"Ameshakwambia uweke sukari tatu?"

"Ndiyo baba. Vijiko au vikombe?"

Akavuta kiti. "Ndizi," akasema. "Ndizi sukari. Tatu."

Nilijiona mjinga vizuri. Zile ndizi fupi nene kiasi, tamu, zinazouzwa kila kona ya Morogoro! Wengine wanaziita kisukari. Bibi hakunificha kitu, alinijibu sawasawa. Mimi ndiye niliyesikia duka.

Baba akaendelea, na baba si mtu wa kuendelea. Mwaka 1980 alikuwa darasa la saba. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, nchi haikuwa na fedha za kigeni, madukani rafu tupu. Sabuni foleni, unga foleni, sukari ndiyo usiseme. Na hapo mkumbuke mkoa wa Morogoro ulikuwa na viwanda vya sukari, Kilombero na Mtibwa. Watu waliishi na harufu ya miwa na chai wakanywa na chumvi. Muuza vitumbua afanye nini? Bibi akageukia mlimani. Ndizi zilikuwa zinashuka kila siku vichwani mwa watu. Akaziacha ziive mpaka ganda liwe na madoa meusi, akaziponda, akachanganya. Mteja akiuliza, "Mama, vina sukari hivi?" anajibu, "Sukari imo." Na hakusema uongo hata siku moja. Baadaye mambo yalipolegea, miaka ya Mzee Mwinyi, sukari ikarudi, lakini wateja walishazoea na yeye akaona ndizi ni nafuu. Hakurudi nyuma.

Aliyekuwa anaponda zile ndizi ni baba. Kila usiku, kwa mkono, kwenye bakuli la bati, kabla ya kusoma. Darasani wenzake wakamwita Mzee Ndizi. Sekondari akachaguliwa shule ya bweni mkoani Iringa, Januari 1981. Sekondari za serikali wakati ule hazikuwa na ada, lakini sanduku, godoro, viatu na nauli havikuwa vya serikali, vilitoka kwenye kile chuma. Siku ya kuondoka bibi alipika toka saa nane usiku, akamjazia kopo kubwa la bati, vitumbua arobaini, ale njiani na awagawie wenzake wapya.

"Nilivigawa stendi," baba akasema.

Sikuelewa.

"Kabla basi halijaja. Niliwapa wapagazi, na watoto wa pale, na kopo nikaliacha. Sikutaka kufika shule mpya nanuka ndizi." Akanyamaza. "Wiki ile ya kwanza nililala na njaa kila siku. Bibi yako akatuma barua, aliandikiwa na jirani, anauliza kama vilifika salama na kama wenzangu walivipenda. Nikamjibu walivipenda sana."

Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia ukweli. Akasema kila mwaka alijiambia mwaka huu. "Na sasa hivi nikimwambia," akasema, "atajua ni nani aliyevigawa?"

Nimefanya mahojiano mengi kwenye kazi hii, na ninajua swali la kufuata linavyotafutwa. Pale sikuwa nalo. Nilizima gesi tu.

Siku ya tano asubuhi nilikuwa Mzinga tangu giza. Shangazi nilimkuta ameshawasha mkaa, na chuma amekitoa mwenyewe chini ya kitanda. Hakusema neno, nami sikumuuliza. Ndizi tatu nilizinunua jana yake kwa mama mmoja Magadu, nikachagua zilizoiva mpaka akaniuliza kama nawapelekea nguruwe. Kwa mtakaotaka kujaribu: ziponde kabisa, zisibaki vipande, maana kipande kinashika kwenye chuma. Zitie mwisho, baada ya tui. Acha mchanganyiko uumuke karibu saa nzima, usiharakishe. Mafuta kidogo kila kishimo, bibi anatumia kijiti kilichofungwa kitambaa safi. Vikianza kutoboka vitundu juu, geuza. Kimoja cha kwanza kitaharibika, ndivyo kilivyo, mpe mtoto.

Harufu ilipotoka nikaijua kabla sijaonja. Ile rangi ya udongo, ileile. Shangazi akaonja, akatikisa kichwa juu na chini mara moja, akaenda kumtoa bibi nje.

Bibi aliletwa na kigoda chake. Siku hiyo hakuniita mke mwenza, hakuniita chochote. Lakini alipokaa mbele ya jiko akachukua ile spoku mkononi mwangu bila kuomba, na mikono ikaanza kazi. Vidole vyenye miaka karibu tisini, na hakikupasuka hata kimoja. Alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo kila anachotoa. Saba. Kumi na nne. Ishirini na moja.

Baba aliingia kama saa moja na nusu, alisema anapita tu. Akamwamkia, bibi akaitikia marahaba kama anavyomwitikia mpita njia. Baba akasimama pale akiangalia sinia, mikono mifukoni. Halafu akainama, akachukua kimoja.

"Sumni," bibi akasema, bila kuinua uso.

Kwa mliozaliwa juzi, sumni ni senti hamsini, ile sarafu yenye sungura. Baba akajipapasa, akatoa alichokuwa nacho, noti ya elfu kumi. Bibi akaipokea, akaigeuza huku na huku, akamrudishia.

"Sina chenji," akasema. "Kula tu, mwanangu. Utalipa kesho."